Waliombeba mfalme wa kodiani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni bendi gani unayoipenda ambayo wapigaji wake wamefunikwa na jina la kiongozi, na wapigaji hao ni akina nani? Najua wengi watajibu kwa bendi za dansi za hapa kwetu au za Kinshasa, na wana haki. Jibu langu linakwenda mbali zaidi, hadi Louisiana, kusini mwa Marekani, kwa Red Hot Louisiana Band. Kiongozi wake alikuwa Clifton Chenier, mpiga kodiani aliyekuwa akipanda jukwaani na taji kichwani. Wanamwita mfalme wa zydeco, yaani muziki wa dansi wa Wakrioli weusi wa Louisiana unaoongozwa na kodiani, na ufalme wake sina neno nao. Ninachogombea ni kwamba bendi ile ilikuwa bendi ya blues iliyokamilika, na waliokaa nyuma ya mfalme ndio waliomfanya asikike hivyo. Mimi mwenyewe napiga gita la ridhimu kwenye bendi ya harusi hapa Morogoro, kwa hiyo msishangae nikiwapendelea watu wa nyuma.

Chenier alizaliwa tarehe 25 Juni 1925 karibu na mji wa Opelousas, katika familia ya wakulima weusi wa Kikrioli, watu waliozungumza Kifaransa chao cha huko nyumbani na shambani. Baba yake naye alikuwa mpiga kodiani wa dansi za majumbani. Clifton alikata miwa upande wa New Iberia, kisha akavuka mpaka wa jimbo kwenda Port Arthur, Texas, kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Weusi wengi wa Louisiana walikuwa wamekimbilia huko kutafuta mshahara, na ikifika Jumamosi walitaka vitu viwili kwa mpigo: waltzi na nyimbo za dansi za kwao za Kifaransa, na blues waliyoisikia redioni. Bendi iliyoweza kimoja tu ilijikatia nusu ya wateja.

Wasomaji wa pwani wanaijua kodiani kutoka kwenye taarab, na wa Mlima Kenya kutoka kwenye mwomboko. Ile ya Wacajun, yaani wazungu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, ni ndogo, ina vifungo kumi upande wa kupigia wimbo, imetengenezwa kwa ufunguo mmoja, na kifungo kilekile hutoa noti moja ukivuta na nyingine ukisukuma. Kwa waltzi ni tamu sana. Lakini mpiga saksafoni akitaka wimbo kwenye ufunguo wake, mnabaki kuangaliana. Chenier alishika kodiani kubwa yenye vibao vya kinanda, iliyo na noti zote nyeusi na nyeupe, hivyo angeweza kupiga blues ya kawaida, ile ya mzunguko wa vipimo 12, kwenye ufunguo wowote wenzake walioutaka. Bila uamuzi huo, nusu ya watu ninaotaka kuwataja wasingekuwa na nafasi kwenye bendi.

Wa kwanza ni kaka yake mkubwa, Cleveland. Huyu alipiga bati. Zamani wapigaji wa Kikrioli walikuwa wakichukua ubao wa kufulia nguo, ule wenye migongo, na kuuning'iniza shingoni kwa kamba, na kila mapigo yakikolea ubao unayumba. Mwaka 1946, huko Port Arthur, Clifton alimwendea fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Willie Landry, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta, akamchorea mchangani kitu alichokuwa nacho kichwani: bati lenye migongo, limekunjwa juu ili likae mabegani kama kizibao. Landry akalitengeneza. Mikono yote miwili ikawa huru, na kifua kizima cha mpigaji kikawa chombo. Leo hakuna bendi ya zydeco isiyo na bati la namna hiyo, na mwana wa Landry ameendelea kuyatengeneza huko Louisiana.

Cleveland alilipiga kwa opena za chupa, kadhaa katika kila mkono. Msikilize kwa makini, maana kwa spika ndogo ya simu utadhani ni kelele za mchanga. Mkono mmoja unatembea sawasawa bila kupunguza wala kuongeza, mwingine unachokoza, unaingia katikati ya pigo, unakata, unarudi. Kazi anayofanya ni ile ambayo kwenye bendi zetu tunagawana watu wawili, mimi wa ridhimu na mpiga tumba. Na kwa sababu mlio wa chuma uko juu, juu ya kodiani na juu ya sauti ya kuimba, hata ukumbi ukiwa umejaa watu wanaopiga kelele wachezaji bado wanajua mguu unaanguka wapi. Kwa maoni yangu bendi ilikuwa ya ndugu wawili, na mmoja wao tu ndiye aliyevaa taji.

Miaka ya 1950, rekodi za kwanza zilipoanza kutoka, bendi hii ilikuwa chuo cha wapiga gita. Phillip Walker alipigia humo akiwa kijana mdogo. Cornelius Green, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lonesome Sundown na kurekodi blues nzito za Louisiana, zile ziitwazo swamp blues, katika studio ya J. D. Miller mjini Crowley, naye alipita humo. Kisha kuna Lonnie Brooks, aliyekuwa amekaa kibarazani kwake Port Arthur akipiga gita, Chenier akamsikia na kumpa kazi. Alimalizia Chicago, akiwa na jina lake kubwa. Watatu hawa hawakuwa watu wa kodiani hata kidogo. Walikuwa watu wa blues, na walipata mahali pa kufanyia blues yao chini ya mtu aliyeimba nusu ya nyimbo kwa Kifaransa.

Kisha upepo ukabadilika, kazi zikapungua, na kufikia mwaka 1964 Chenier alikuwa akipiga kwenye baa ndogo za Houston. Mpiga blues Lightnin' Hopkins, aliyekuwa na undugu naye kwa upande wa ndoa, alimpeleka huko Chris Strachwitz, Mjerumani aliyehamia California na kuanzisha kampuni ya rekodi ya Arhoolie mwaka 1960. Jioni ile Chenier alikuwa na mpiga dramu tu. Strachwitz alipenda alichokisikia, akataka kurekodi mambo ya Kifaransa, ya asili. Chenier alitaka rekodi ya kisasa ya kupigwa redioni, kwa Kiingereza, na bendi nzima nyuma yake. Kwenye santuri iliyotoka mwaka 1965 walikubaliana nusu kwa nusu, na wimbo uliouzika zaidi ukawa blues ya polepole iliyoimbwa kwa Kifaransa, yaani kila mmoja alishinda kidogo. Mwaka uliofuata akamleta hata mjomba wake, Morris Chenier, kupiga fidla. Nasema tu kwamba mkulima aliyekata miwa alijua biashara yake kuliko msomi aliyempenda.

Bendi ninayoipenda mimi ni ile ya miaka ya 1970. John Hart kwenye saksafoni ya tena, Paul Senegal kwenye gita, Joe Brouchet kwenye besi, Robert St. Julien kwenye dramu, Cleveland na bati lake. Oktoba mwaka 1975 waliingia studio katika mji wa Bogalusa, Louisiana, wakatoka na albamu ya Bogalusa Boogie, ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa.

Hart alikuwa kipofu. Ukitaka kujua kwa nini saksafoni yake na kodiani vinaungana mpaka unashindwa kuvitenganisha, kumbuka kwamba vyote viwili hutoa sauti kwa ulimi unaotetemeka, mmoja wa tete na mwingine wa chuma. Chenier akianza sentensi, Hart anaimalizia. Wakati mwingine wanaipiga pamoja, na bendi ya watu sita inajaa kama ina safu nzima ya tarumbeta. Hart hakujionyesha. Akipewa solo anapiga mizunguko miwili, anasema alichonacho, anarudi nyuma.

Senegal ndiye aliyenifunza jambo moja la kazi yangu, ingawa hakuwahi kujua kwamba nipo duniani. Kodiani inakula nafasi yote ya katikati, na mpiga gita mwenye pupa atapigana nayo. Senegal anakaa kando, anagonga kodi fupi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kuzikata hapohapo kwa kiganja, kisha kwenye blues za polepole anajibu mwimbaji kwa noti mbili tatu zinazouma. Baada ya Chenier aliwapigia viongozi wengine wa zydeco, Rockin' Dopsie na Buckwheat Zydeco, na hakupata kuwa na santuri nyingi za jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2019.

Huyo mpiga dramu ana kisa chake. Kwenye rekodi nyingine ameandikwa Robert St. Julien, kwenye nyingine Robert Peter, na mnunuzi wa kawaida angedhani ni watu wawili. Alikuwa na Chenier na Cleveland Ulaya mwaka 1969, kwenye msafara wa tamasha la blues la Wamarekani, watatu tu: kodiani, bati, dramu. Waliotaka kujua kama zydeco inahitaji besi walipata jibu lao pale. Mguu wake ni mzito, hana mbwembwe, na kwenye shafo, mapigo ya blues ya kurukaruka, anasukuma mbele kidogo kiasi kwamba huwezi kukaa.

Kukaa ndiko kulikokuwa hatari kubwa kwa bendi hii. Kazi yake ya kila wiki ilikuwa dansi: vilabu vya barabarani vya Louisiana na Texas, na kumbi za parokia za Kikatoliki, hata California, ambako Wakrioli wengi walikuwa wamehamia kwa ajili ya kazi za kujenga meli wakati wa vita. Ipo rekodi ya mwaka 1971 iliyochukuliwa kwenye dansi la kanisa mjini Richmond, California, na inafaa kusikilizwa kwa mazungumzo ya katikati ya nyimbo peke yake. Chenier alipiga saa nne bila mapumziko. Hakuna aliyepewa karatasi ya mpangilio wa nyimbo. Anaanza, nanyi mnaingia. Sisi kwenye harusi tukipiga dakika 50 tunadai soda.

Hapo ndipo anapoingia Stanley Dural, aliyekuja kuitwa Buckwheat Zydeco. Alikuwa mpiga ogani na kiongozi wa bendi ya fanki, na kodiani alikuwa ameichoka tangu utotoni kwa sababu baba yake alikuwa akiipiga nyumbani. Mwaka 1976 alikubali kwenda kupiga na Chenier usiku mmoja. Baadaye alisimulia kwamba Chenier alipowaaga watu, yeye alidhani ndiyo kwanza wanaanza. Alikaa zaidi ya miaka miwili, na alipotoka mwaka 1979 aliunda bendi yake, safari hii kodiani ikiwa kifuani kwake.

Hart alipoondoka, mwaka 1978, Chenier alimwita mwanawe, C. J., aliyekulia Port Arthur akipiga saksafoni kwenye bendi za vijana na asiyejua sana muziki wa baba yake. Alijifunza jukwaani, mbele ya watu. Kufikia wakati huo kisukari na figo vilikuwa vimemshika mzee. Alikatwa sehemu ya mguu, akawa anasafishwa damu kwa mashine, na bado anapanda jukwaani. Albamu ya I'm Here! ilimpatia tuzo ya muziki ya Grammy. Ukiisikiliza, sikiliza jinsi wapigaji wanavyompunguzia kazi: wanajaza pale anapopumua, mwana anachukua solo ndefu, Cleveland hapunguzi mwendo. Wasiojua wataisifu kodiani, nayo inastahili. Lakini mgonjwa hawezi kubeba dansi peke yake.

Clifton alifariki tarehe 12 Desemba 1987, na C. J. akaichukua bendi. Cleveland alifuata mwaka 1991. Mwaka 2025, miaka mia tangu Clifton azaliwe, ilitoka albamu ya kumuenzi ambamo hata Rolling Stones wameimba wimbo wake, na mauzo yake bila shaka yatafikisha jina la mfalme kwa vijana wengi. Anayetaka kuwasikia watu wa nyuma aanze na Bogalusa Boogie, kwa hedifoni, sauti nyembamba (treble) iongezwe kidogo ili bati litoke.

Mhariri, nafasi ikiwa ndogo, punguza habari za Buckwheat. Yeye picha zake zimejaa kila mahali. Jina la mpiga dramu liache, tena yote mawili.