Barua, dokezo, waraka au baruapepe: maelezo kwa watumishi wapya wa halmashauri za kusini

Mtumishi anayeripoti kazini katika halmashauri ya Mtwara au Lindi huonyeshwa meza na kukabidhiwa majalada ya mtu aliyehama, lakini ni nadra kuketishwa na kuelezwa kwa nini jambo moja huandikiwa barua, jingine dokezo na jingine waraka. Hujifunza kwa kuiga, na kwa kuwa huiga barua ya mwisho aliyoikuta jaladani, hurithi pamoja nayo kasoro zake. Kwa maoni yangu, baada ya miaka ya kufanya kazi masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, na kisha idarani, aina ya andiko haichaguliwi kwa uzito wa jambo wala kwa cheo cha anayeandikiwa peke yake. Huchaguliwa kwa kuuliza ni nani atakayetakiwa kutenda baada ya kulisoma, na andiko lenyewe litakaa wapi ili atakayelihitaji baadaye alikute.

Tuchukue jambo ambalo kila mtu wa huku analifahamu. Chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, kimepokea salfa, dawa ya mikorosho, pungufu ya mahitaji ya wakulima wake, na mikorosho inakaribia kuchanua, kipindi ambacho ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia machipukizi na maua. Uongozi wa chama humwandikia Mkurugenzi Mtendaji barua rasmi, kwa sababu chama na halmashauri ni taasisi mbili tofauti, na taasisi huwasiliana kwa barua yenye anwani za pande zote mbili, kumbukumbu namba, tarehe, kichwa cha habari, saini, cheo na mhuri. Kichwa kilichoandikwa "Yah: Salfa" hakimsaidii karani wa masjala mwenye majalada kadhaa ya pembejeo mbele yake, ilhali "Yah: Maombi ya nyongeza ya salfa" humwonyesha mara moja pa kuifunga barua hiyo. Barua nyingi ninazozisoma hutumia aya mbili kushukuru kwa ushirikiano, kisha huliweka ombi lenyewe katika nusu ya sentensi ya mwisho, hivyo kwamba msomaji mwenye haraka anaweza kuimaliza bila kujua ameombwa nini.

Barua hiyo ikifika, hugongwa mhuri wa kupokelewa, huingizwa kwenye rejesta, hufungwa upande wa kulia wa jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake jaladani. Hapo ndipo dokezo linapoanza kazi yake, nami nitalizungumzia kwa urefu kidogo kwa kuwa ndilo andiko ambalo wageni hulidharau kuliko yote. Dokezo huandikwa upande wa kushoto wa jalada, kati ya watumishi wa ofisi moja: Mkurugenzi humwomba Mkuu wa Idara ya Kilimo ushauri kuhusu folio fulani, mkuu huyo humwelekeza ofisa wake, na ofisa hujibu kwa ngazi zilezile. Dokezo zuri halirudii maneno ya barua, kwa kuwa barua ipo upande wa pili na kila mmoja anaweza kuisoma. Hutaja folio, hueleza kilichothibitishwa, yaani ghalani kuna mifuko mingapi, ilihesabiwa na nani na siku gani, huonyesha njia zilizopo na athari ya kila moja, kisha hupendekeza moja. Mtumishi mpya mara nyingi huona haya kupendekeza, akaandika "Naomba maelekezo yako" na kulirudisha jalada. Anadhani ameonyesha heshima, kumbe mkuu wake aliyemwomba ushauri amerudishiwa swali lake mwenyewe. Panapokuwa hakuna haja ya kupeleka jalada lote kwenye idara nyingine, huandikwa dokezo sabili kwenye karatasi yake yenyewe, mradi nakala yake ifungwe jaladani.

Waraka ni jambo jepesi zaidi kulieleza. Hutoka juu kwenda kwa wengi kwa wakati mmoja, hutoa maelekezo yaleyale kwa wote, na hauombi. Ofisa anayetaka vijiji vyote vilete orodha za wakulima asijiandikie waraka kwa jina lake. Atayarishe rasimu, na mwenye mamlaka atie saini.

Baruapepe imetusaidia sana huku kusini. Mvua za Mei 2024 zilipoikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, bahasha zinazosafirishwa kwa basi zilikosa njia, na barua iliyosainiwa na kuskaniwa iliweza kufika bila kusubiri daraja. Hata hivyo, kilichotumwa kwa njia hiyo bado ni barua: kiwe na kumbukumbu namba, kitumwe kutoka anwani ya ofisi wala si ya binafsi, na kiingie kwenye jalada. Ujumbe wa WhatsApp unafaa kumwarifu mtu kwamba barua iko njiani au kikao kimesogezwa mbele. Kuidhinisha matumizi ya fedha kwa ujumbe wa simu ni hatari, kwa sababu mkaguzi atakapokuja ataomba jalada, na simu ya mtu aliyekwisha kuhamia Newala au Liwale haimo ndani yake.

Zipo pia barua ambazo mtumishi humwandikia mwajiri wake kwa mambo yake mwenyewe. Hizi hupitia kwa msimamizi wake, ambaye huandika maoni kabla ya kuzipeleka mbele, na kumruka ni njia ya uhakika ya kuicheleweshea barua yako, kwa kuwa itarudishwa kwake tu.

Barua ya nje inapopelekwa kwa mkono, iandikwe kwenye kitabu cha dispachi, na anayeipokea aandike jina lake, tarehe na saini. Mlinzi wa getini akikuambia uiache tu kwake, mwombe naye asaini.