Kibali Huanzia Kwenye Futikamba

Lori la mzigo mkubwa linapozuiwa njiani, mara nyingi dereva anacho mkononi kibali cha kuusafirisha. Kasoro ni kwamba aliyekiomba alinakili vipimo vya kiwandani, na mashine inayobebwa imepakiwa pamoja na ngazi, vioo na bomba la moshi ambavyo kiwanda hakikuvihesabu.

Pima mzigo ukishapakiwa na kufungwa, lori likiwa mahali tambarare. Rudi nyuma hatua ishirini ndipo utaiona ncha ya juu kabisa; ukisimama karibu itakudanganya. Tela la springi za upepo lipimwe likiwa kwenye kimo cha kutembelea, yaani springi zikiwa zimejazwa kama linapokuwa safarini. Upana uhesabu pia vifungio vinavyochomoza. Mamlaka nyingi hutoa kibali kwa mzigo usiogawanyika tu, kwa hiyo kinachong'oleka, kama ndoo ya ekskaveta (mashine ya kuchimbia), king'olewe kabla ya kuomba.

Uzito wa jumla ndio kila mtu huuliza, lakini kwenye mizani watu hukamatwa na ekseli. Chukua tela lenye mita 9 kutoka kingpini, pini inayoliunganisha na kichwa (gari linalolivuta), hadi katikati ya ekseli zake. Mashine ina tani 36, na kitovu cha uzito wake kiko mita 6 nyuma ya kingpini. Ekseli za tela zitabeba 36 × 6 ÷ 9, yaani tani 24, na tani 12 zitakwenda kwenye kichwa. Isogeze nyuma nusu mita tu: tela linabeba 26, kichwa kinabaki na 10. Hapo hujaongeza uzito wa tela na kichwa vyenyewe, wala tangi la dizeli lililojaa. Piga alama ya rangi kwenye kitanda cha tela pale mashine inapotakiwa kusimama, maana mpakiaji ataisimamisha panapomrahisishia kufunga minyororo.

Kichwa nacho hakibadilishwi kiholela. Kimeharibika usiku, kinaletwa kingine, safari inaendelea na kibali kilekile. Namba ya usajili si ile tena, na umbali kati ya ekseli huenda umebadilika pia. Mhandisi wa madaraja alikokotoa kwa umbali ule wa kwanza. Tani zilezile zikibanana kwenye nafasi fupi huielemea zaidi boriti ya daraja. Omba kibali kirekebishwe kabla ya kuondoka, hata kama mteja anapiga simu kila baada ya dakika tano.

Njia ikaguliwe kwa gari, si kwa ramani ya simu peke yake. Fimbo ya kimo kwenye gari la kusindikiza linalotangulia huwekwa juu ya kimo cha mzigo kwa sentimita 8 hadi 15, kwa kuwa mzigo hurukaruka. Kibao cha kimo kilichowekwa kabla ya barabara kupigwa lami mpya usikiamini: tabaka la sentimita 5 limekula sentimita 5 za nafasi yako. Daraja la tao lina nafasi katikati, pembeni hakuna. La hila zaidi ni lile lililo juu ya bonde la barabara. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiwa kwenye miteremko miwili, katikati ya tela hunyanyuka mbali na lami, na mzigo unagusa mahali ambapo futikamba ilisema unapita.

Kwenye kivuko cha reli kilichoinuka mambo ni kinyume: tumbo la lobedi, tela lenye kitanda cha chini, ndilo linalokwama. Kwenye kona, magurudumu ya nyuma hukata ndani huku sehemu ya mzigo inayoning'inia nyuma ikifagia nje, kwa hiyo nguzo za pande zote mbili zipimiwe umbali.

Soma pia masharti ya saa za kutembea na magari ya kusindikiza, kwani hubadilika ukivuka mpaka wa mamlaka nyingine. Na uulize mapema habari za kurudi: tela pana likiwa tupu bado ni pana, na kibali cha safari moja kimeishia pale mzigo uliposhushwa.