Mrehani Ulinawiri, Mnunuzi Akaukataa

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, mrehani wangu umestawi mpaka majirani wanakuja kuutazama, lakini mnunuzi kanusa akasema hauna kitu. Nimekosea wapi?" Nikamjibu kwa swali moja tu: umeweka samadi gani? Ya kuku, akasema. Nilijua.

Msimu wangu wa kwanza hapa Muheza nilipanda mrehani na kivumbasi robo eka. Jirani mwenye banda la kuku alikuwa anatoa samadi bure, nikasomba viroba kumi na sita, mbichi, bado inawasha pua. Miche kadhaa iliungua kingo za majani. Iliyobaki ilifumuka, majani mapana kama kiganja cha mtoto, kijani kimekolea. Vidukari nao wakajaa, maana wanapenda jani laini. Sikujali. Nilipiga picha nikamtumia kila mtu.

Mnunuzi akaja. Akachukua jani kavu, akalisugua kati ya vidole, akanusa. Akachukua la gunia jingine, akanusa tena. "Haya ni majani tu, mama." Akapanda bodaboda yake. Kilo 38 zikabaki kibarazani, na mpaka leo sijasahau alivyojifuta vidole kwenye suruali.

Dawa iliyomo ndani ya mimea hii iko kwenye mafuta yenye ile harufu, na mafuta yamo ndani ya vifuko vidogo mno kwenye jani. Kivumbasi aghalabu hubeba yujinoli, ile ile inayoipa karafuu ukali wake. Mmea huyatengeneza mafuta hayo kujikinga na wadudu. Sasa samadi ya kuku ina naitrojeni, chakula kinachokuza majani, nyingi kuliko ya ng'ombe. Ukiimwaga ovyo, jani linatanuka na kujaa maji upesi kuliko mafuta yanavyotengenezwa. Ukiunyima mmea chakula kabisa nao unadumaa, na harufu kali ya majani matatu haikulipi ada ya shule.

Siku hizi natumia mboji. Tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi, samadi ya mbuzi, udongo kidogo, maji, kisha fimbo ndefu nachomeka katikati. Siku chache baadaye ukiichomoa inachoma mkono: humo ndani vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu vinakufa. Nageuza, narudisha fimbo. Ikitoka baridi na lundo likanuka kama udongo baada ya mvua, imeiva. Kwangu huchukua miezi mitatu. Naweka viganja viwili kwa shimo, basi. Rozimari naipa kidogo zaidi, maana asili yake ni nchi kavu za Mediterania.

Ndugu zangu, acheni pupa. Chai ya mrehani anakunywa mgonjwa, anakunywa mama mjamzito. Samadi mbichi kwenye jani la dawa ni kumpelekea mtu kuhara badala ya nafuu. Mboji iliyoiva jamani, iliyoiva!

Wiki iliyopita mnunuzi mwingine alichukua mzigo wangu wote. Alinusa mara moja tu, akafungua mizani.

Dada wa Morogoro, usiung'oe. Ukate ukiacha shina lenye vifundo viwili vitatu, usiongeze mbolea yoyote, punguza maji. Machipukizi yakirudi, vuna asubuhi umande ukikauka, kabla maua hayajafunguka, uanike kivulini. Kisha sugua jani moja, unuse wewe mwenyewe kabla hujamwita mtu.