Kijana au msichana, nani anaachwa nyuma? Angalia saa za jioni

Kila matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakitoka maneno ni yaleyale, wasichana wamewika Kiingereza na Kiswahili, wavulana wamebeba hesabu na fizikia, alafu mtaani tunaanza kubishana nani ameachwa nyuma. Mimi husaidia watoto wa ploti yetu hapa Umoja na homuweki, wangu wawili wakiwemo, na kwa venye nimeona mengi huamuliwa nyumbani kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku.

Msichana akifika anavua yunifomu anaingia kwa vyombo, anabebeshwa mtoto, anatumwa unga, akishika kitabu macho yashaanza kufunga. Kijana hatumwi popote, yuko kwa geimu ama kwa bezi na hakuna anayemuuliza. Unaweza dhani huyo ndio amefaidi. Wapi! Kuna mmoja hapa alianza kuosha magari Jumamosi, akaletea mamake mia tatu, mamake akafurahi (simlaumu, kodi haingoji mtu), kisha ikawa na Ijumaa pia, sasa insha ya ukurasa mmoja ni vita lakini muulize msimamo wa ligi ya Uingereza, anakupigia hadi tofauti ya mabao bila kalamu.

Kwa hivyo gawa kazi. Leo kijana aoshe vyombo, kesho msichana, na ikifika saa moja wote wako kwa meza. Kijana mpe kitu anapenda, mimi huwapa kurasa za spoti za gazeti la Taifa Leo wasome kwa sauti alafu waniandikie hiyo mechi kwa maneno yao, na wanaandika, tena bila kusukumwa.

Hesabu kwa wasichana enyewe mara nyingi si akili. Niliona kitabu cha mmoja, karatasi imetoboka kwa kufutwa, na jibu alilofuta kwanza ndilo lilikuwa sawa. Akifanya hesabu mnyime raba. Na wewe mama acha kusema mbele yake ati hata wewe hesabu ilikushinda, hapo ushampa ruhusa ya kuacha.

Pedi pia. Sheria ya 2017 inasema serikali iwape bure walio shule za umma, lakini usikae ukingoja, weka kwa bajeti pamoja na unga. Na akipata mimba, sera ya kumrudisha darasani iko tangu 1994, ukizungushwa shuleni usikubali.

Akifika gredi ya 9 sasa, kaeni chini kabla achague njia ya sekondari ya juu, kama ni STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii ama sanaa na michezo. Muulize kwa nini hiyo. Akikuambia ati marafiki wote wanaenda huko, ama ati hiyo ingine ni ya maboi, toa ripoti zake mpitie somo kwa somo kabla hiyo fomu ijazwe.