Muulize Ami: "Mlikuwa Mkichezea Wapi?"

Ami, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, mwaka wa 1979. Siku hizi nakaa Mtopanga, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Nina watoto watatu. Kifungua mimba ana miaka 11, yuko Gredi ya 5, na kila akitoka chuoni jioni anajitupa kitini na simu ya mamake. Mimi umri huo sikuwa nikionekana nyumbani mpaka magharibi. Kulikuwa na gololi, nage, kuruka baharini Bandari ya Kale, kuokota kungu na kuzibanja kwa jiwe. Shuleni tulipewa maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu, nusu tukanywa, nusu tukarushiana. Likizo ya Desemba nilimpeleka Kibokoni makusudi nimwonyeshe. Hapa ndipo nilipovunjika jino. Pale alikaa bibi wa viazi karai. Mtoto alinifuata kimya, akijibanza ukutani kila bodaboda ikipita, mwisho akaniuliza, "Sasa baba, mlikuwa mkichezea wapi?" Niliona ananifanyia dharau. Tulipofika nyumbani nikamnyang'anya simu wiki nzima. Wiki hiyo yote alilala chali akihesabu mizunguko ya pangaboi. Mamake ananiambia nimemwadhibu mtoto kwa kosa la kuchelewa kuzaliwa. Ami, ni kweli sisi tulikuwa na raha, au ni mimi nimeanza kuzeeka? Na huyu kijana nimfanye nini?
– Baba wa Watatu, Mtopanga

Marahaba, Baba wa Watatu. Kuzeeka umeanza, hilo usilikatae. Mtu akishaanza kuonyesha watu mahali alipovunjika jino, mambo yamekwisha.

Barua yako niliisoma kwa sauti Ijumaa, dada yangu akiwa amekaa jikoni kwangu anachambua mchele. Yeye ndiye mkubwa, amenizidi miaka minne, na ana tabia ya kucheka kwa pua mtu anapojisifu. Ulipofika kwenye gololi hakucheka. Ulipofika kwenye maziwa ya Nyayo alisema tu, "Hayo sisi hatukuyapata." Kweli. Yalianza 1979, yeye keshaacha shule zamani.

Sasa mimi nikanogewa. Nikaanza kumkumbusha ya kwetu Kuze, mwaka wa 1974, nilipokuwa na umri kama wa mwanao. Kusi ikianza kuvuma, wavulana wote wa mtaa walikuwa hawana kazi ila tiara. Vijiti tulichomoa kwenye mafagio ya chelewa ya mama zetu. Gundi yetu ni uji mzito wa ngano. Chupa tuliisaga kwa jiwe mpaka ikawa kama chumvi, tukaichanganya na ule uji, tukaupaka uzi, tukautandaza kutoka nguzo hadi nguzo ukauke. Halafu twende Makadara tukakatane. Tiara ya mwenzio ikikatika inaondoka na upepo, na aliyeiwahi kuishika ndiye mwenyewe, hata ikiangukia juu ya paa la nani. Vidole vyangu bado vina makovu ya uzi ule. Nikamnyooshea dada mkono ayaone.

Hakuyatazama. Aliuliza, "Ule uzi ulikuwa wa nani?"

Baba wa Watatu, nilikuwa sijapata kujiuliza. Uzi ulikuwa uzi tu, uko kwenye kikapu. Kumbe ulikuwa uzi wake wa kushonea kofia. Alikuwa ametolewa shule baada ya darasa la saba, yuko ndani, hatoki ila na buibui na mtu wa kumsindikiza, na kazi yake ilikuwa kukuna nazi asubuhi na kushona kofia mchana kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa akiziuza. Wiki ile palikuwa na kofia za kumalizwa kabla ya Idd. Donge la uzi likapotea. Mamangu akasema msichana hana mazingatio, akamtandika. Kofia zikachelewa, yule mama akamkata shilingi tano. Na mimi wakati huo niko Makadara namkata mtoto wa Bondeni, nashangiliwa.

Amekaa na jambo hilo zaidi ya miaka hamsini, na hakulitoa kwa hasira. Alilitoa kama mtu anayekukumbusha bei ya sukari ya zamani. Kisha akaendelea na mchele wake.

Kwa hiyo unaponiuliza kama tulikuwa na raha, mimi nilikuwa nayo, tele. Nyumba ile ile, mwaka ule ule, dada yangu alikuwa akiitazama tiara kupitia dirisha la juu, na anasema aliipenda ile nyekundu. Sikuwa na nyekundu. Ilikuwa ya mtu mwengine.

Na tulikuwa na mdogo wetu wa kiume aliyefariki kwa surua 1970, hajatimiza miaka mitatu. Mtaa mzima ule mwaka watoto walikuwa na vipele. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza 1980, na wewe umezaliwa 1979, basi bila shaka uliwahi kudungwa sindano ukalia, na wanao watatu pia wamedungwa. Silisemi kukuharibia kumbukumbu zako. Nalisema kwa sababu ninapohadithia Kuze ya utotoni, mdogo wangu huwa simtaji, na ninaona na wewe katika barua yako kuna watu huwataji. Wale dada zako walikuwa wapi ulipokuwa huonekani nyumbani mpaka magharibi? Nani aliyekuwa akichota maji?

Tuje kwa kijana. Wewe umesikia dharau. Mimi nimesoma barua mara tatu, na sentensi yenye akili kuliko zote humo ni ile yake. Amefika Kibokoni, ameona kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, ameona bodaboda zinapita humo humo, na baba anamwambia hapa palikuwa uwanja. Angeuliza nini tena? Ulitakiwa umjibu.

Jibu lenyewe ni hili. Mlikuwa mkichezea hapo hapo, kwa sababu chombo kikubwa kilichopita ni mkokoteni, na hamali alikuwa akipiga kelele tangu mbali. Pia mlikuwa mkichezea machoni pa watu. Barazani palikuwa na wazee tangu alasiri, na kila mmoja alijua wewe ni mtoto wa nani. Ukitukana Bondeni, habari zilitangulia kufika nyumbani kabla yako. Nani leo yuko barazani? Baraza nyingi zimewekewa vyuma watu wasikae, na wazee waliobaki wameinamia simu kama hao watoto. Mimi ni mmoja wao, nina makundi saba ya WhatsApp na manne ni ya mazishi.

Uwanja tuliokuwa tukianikia uzi, pale Kuze, siku hizi pana jumba la ghorofa tano. Aliyeuza ni mtu wa rika langu, aliyekuwa akirusha tiara papo hapo. Mtoto hakuuza kiwanja. Mtoto hakuingiza tuktuk vichochoroni. Wewe mwenyewe, nina hakika, ukisikia kishindo huko chini Mtopanga husemi "mwache atoke", unasema "funga geti". Umemfungia geti, kisha unamlaumu kwa kukaa ndani.

Hata hiyo simu, usiitazame kama adui mtupu. Mjukuu wangu hucheza mpira wa simu na binamu yake aliye Maskati, wanatukanana na kucheka usiku kucha. Mimi binamu zangu wa Maskati nilikuwa nawajua kwa picha moja iliyotundikwa sebuleni, wamesimama wima kama askari. Kuna mmoja alikufa bila mimi kupata kuisikia sauti yake.

Sasa la kufanya. Simu mrudishie, na mwambie kwamba swali lake lilikuwa zuri, wewe ndiye uliyeshindwa kulijibu. Neno hilo halitakupunguza urefu. Halafu tafuta kopo, uliweke juu ya friji. Kila ukisema "sisi zamani" unatia shilingi kumi. Mamake ndiye mweka hazina.

Unakaa Mtopanga, Ami wako hakuelewi unalalamika nini kuhusu nafasi. Ufuo wa Pirates uko karibu nawe. Angalia maji yanatoka saa ngapi, nenda naye yakiwa yamekupwa, mchanga umekuwa mgumu. Vijana hucheza mpira hapo kila jioni bila kuulizana mtaa. Nage ukitaka, ufuo unatosha nage kumi. Na swali ambalo hukuniuliza: wewe ulikuwa ukiruka Bandari ya Kale, je, yeye anajua kuogelea? Ikiwa hajui, acha gololi, acha kungu, anza na hilo. Hadithi ya kuruka baharini haimfai mtu asiyejua kuelea. Mfundishe mwenyewe, kwenye maji ya kiuno, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Mchukue na yule binti wako, kama mmoja wa watatu ni binti. Nakumbuka hakuna msichana hata mmoja wa kwetu aliyefundishwa.

Tiara subirini kusi. Uzi ununue dukani.

*

Ami, babu yangu anasema zamani daraja la Nyali lilikuwa likielea juu ya maji na yeye alikuwa akilipita kwa baiskeli. Darasani nilisimulia wakanicheka. Ni kweli au ni porojo?
– Msichana wa Tudor, miaka 13

Ni kweli mjukuu wangu, na hao waliokucheka waambie waje kwangu nao niwacheke. Daraja lile liliwekwa 1931. Halikuwa na nguzo zilizosimama chini baharini. Lililala juu ya maboya makubwa yaliyofungwa pamoja, maji yakijaa linapanda, yakipwa linashuka, na magari yalitozwa ushuru kupita. Bamvua ikiwa kubwa, mteremko wa kuingilia darajani ulikuwa mkali hasa, na ukiwa na baiskeli isiyo na breki ulisoma dua zote unazozijua. Babu yako mwulize kuhusu breki zake.

Lilitumika mpaka 1980 lilipofunguliwa hili la saruji unaloliona. Mimi nilikuwa na miaka 17. Siku za mwanzo tulitembea juu yake kwenda na kurudi bila ya safari yoyote, tunachungulia chini tu. Hata wenzako wa darasani wasiwe wepesi kucheka, kwani daraja la kuelea si jambo la kale peke yake. Wakati wa korona serikali ilitandika jengine pale Liwatoni, la waendao kwa miguu kuvuka Likoni, ili feri isisongamane.

*

Ami, tumebishana mimi na kaka yangu hadi chakula kikapoa. Ndururu ilikuwa senti ngapi? Yeye anasema kumi, mimi nasema tano. Na ni kweli ilikuwa na tundu?
– Mbishi wa Changamwe

Tano. Kaka yako akalipe chakula.

Kuhusu tundu, inategemea ndururu ipi. Zile za enzi ya mkoloni, za Afrika Mashariki, zilikuwa na tundu katikati, na ile ya senti kumi vile vile. Sarafu za Kenya zilipotoka 1966, zenye sura ya Mzee Kenyatta, tundu halikuwamo tena. Mimi nilizaliwa 1963, kwa hiyo niliyokuwa nikienda nayo kwa muuza mabuyu ni hii isiyo na tundu. Zile za zamani mamangu alikuwa amezitunga kwenye uzi, mshipi mrefu kama mkufu, ukining'inia msumarini karibu na kitanda. Hazikuwa zikinunua kitu tena. Tulikuwa tukizigusa tu zikalia.

Swali lako limenifanya nimwulize dada yangu mshipi ule uliishia wapi. Uko kwake, sandukuni. Nikamwomba anionyeshe. Amesema nimpelekee donge la uzi kwanza, mweupe, ule wa kofia.