Barua kwa mwanangu aliye benki

Rehema mwanangu,

Nimeisoma barua yako. Unauliza kama mtu aliyesomea mambo ya fedha anaweza kuja kuwa msimamizi wa maonyesho ya sanaa, maana kuna jumba la sanaa linatafuta msaidizi. Mama yako anasema umechoka kula mshahara. Mimi niliyetundika picha makumbusho hadi nikastaafu nasema unaweza.

Koyo Kouoh, mzaliwa wa Douala aliyekulia Uswisi, alisomea mambo ya benki. Mwaka 2008 akaanzisha kituo cha sanaa Dakar, RAW Material Company, na 2019 akakabidhiwa Zeitz MOCAA, jumba la makumbusho ya sanaa kule Cape Town. Desemba 2024 aliteuliwa kusimamia maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ya 2026, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupewa kazi hiyo. Mauti yakamkuta Mei 2025.

Okwui Enwezor wa Nigeria naye alisomea siasa, Marekani. Hakungoja kuitwa: 1994 alianzisha na wenzake jarida la Nka, wakaandika kuhusu wasanii wa Afrika ambao wakubwa wa sanaa walikuwa hawawajui. Alipopewa Documenta ya 2002, maonyesho makubwa ya sanaa huko Kassel, Ujerumani, alianza na mijadala New Delhi, St. Lucia na Lagos kabla ya picha kutundikwa. Ndiyo maana nakusisitizia uandike, hata kurasa mbili kwa mwezi. Kutembelea wasanii bila kuandika ni kupiga soga tu.

Sasa kazi yenyewe. Kasha likifika halifunguliwi palepale; linaachwa kama saa 24 lizoee hewa ya chumba. Kisha unaitoa picha, tuseme ya Tingatinga, rangi ya kung'aa juu ya hadibodi, unamulika tochi kwa ubavu. Hapo ufa mwembamba kama unywele unatoa kivuli. Unaupiga picha, unauandika kwenye fomu, mnasaini wote wawili, wewe na aliyeileta. Usipouandika, siku ya kurudisha mwenye picha atasema umeuleta wewe, na bima haitakuelewa. Michoro ya karatasi mwanga wake usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na wageni watanung'unika kwamba mmebania umeme.

Ukipanda hadi mkurugenzi wa maonyesho, picha utaziona kwa nadra. Utashinda na bajeti, mikataba, usafirishaji na wafadhili wanaotaka nembo yao iwe kubwa kuliko jina la msanii. Hapo benki itakufaa kuliko shahada ya uchoraji.

Mshahara waliotaja ni mdogo, mama, na mkataba ni wa mwaka mmoja. Omba kwanza likizo bila malipo huko benki. Wakikataa ndipo tuzungumze tena. Na siku ya usaili waambie wakuonyeshe stoo. Ukikuta picha zimeegemezwa ukuta wenye unyevu, uliza nani anahusika. Wakianza kutazamana, jua anayetafutwa ni wewe.

Baba yako