Barua kwa Mwanangu: Vifo Viwili, Moto, na Bado Wanasinzia

Mwanangu mpenzi,

Mswada wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini hadithi yako yenye vifo viwili na nyumba kuteketea haiwashiki watu, ilhali rafiki zako haohao hukesha wakitazama mfululizo ambao wahusika wake wamekaa tu mezani wakinong'onezana. Umeniuliza kwa kuwa nimekula miaka mingi nikihariri hadithi za wengine, basi nitakujibu kama mhariri. Umama tuuweke kando kidogo.

Kifo cha mtu tusiyemjua ni taarifa tu. Yule mzee wa hadithi yako anakufa ukurasa wa tatu. Umri wake umenitajia, hata rangi ya shati lake, ila sikujua siku ile alikuwa anataka nini. Tuseme ameamka na nia ya kwenda kupatana na nduguye waliyenuniana tangu ujana. Ameshavaa viatu, yuko mlangoni. Ukimwua hapo nitaumia, maana kuna jambo lilikuwa njiani na sasa halitafika.

Tuje kwa Salma, ambaye ndiye roho ya hadithi yako, ingawa wewe mwenyewe unamkimbia. Umetuficha kuwa ni yeye aliyewasha moto, ukaja kutufichulia ukurasa wa mwisho. Nilishtuka, sikatai. Lakini mshtuko haudumu. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, katika mahojiano yake na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, mwaka 1962, alitoa mfano wa watu wawili wanaozungumza mambo ya kawaida huku bomu likiwa chini ya meza yao. Likilipuka ghafla, watazamaji wanapata sekunde 15 za mshtuko. Lakini wakiwa wameliona likitegwa, na wanajua litalipuka saa ngapi, mazungumzo yaleyale yanawapa dakika 15 za taharuki. Wanatamani kuwapigia kelele wale watu waondoke.

Na hili ni la kale kuliko sinema. Waathene wa karne ya 5 kabla ya Kristo walipokwenda kutazama masaibu ya Mfalme Oedipus, aliyemwua baba yake bila kumjua, kisa walikuwa wanakijua tangu utotoni. Shakespeare naye, kwenye Romeo na Juliet, anatangaza katika utangulizi kwamba wapenzi hao watakufa, halafu watu wanakaa hadi mwisho. Kwa hiyo usiamini kwamba mtu akijua mwisho utamu umekwisha.

Utanijibu kwamba hadithi za upelelezi huficha muuaji. Ndiyo, ila msomaji wake anajua tangu mapema kuna swali, na anarushiwa dalili za kulitafuna. Wako hakujua kama kuna swali.

Kwa hiyo tuonyeshe Salma akiwasha kiberiti katika onyesho la kwanza. Kisha mkalishe na kaka zake kila jioni, wakimshuku mlinzi, yeye akiitikia kwa kichwa. Sasa hata sentensi ya hovyo kama "huyu mlinzi jana alikuwa wapi?" ina uzito. Halafu mlinzi akamatwe. Salma akinyamaza, mtu asiye na hatia anafungwa. Akisema, mama yake hatamtazama tena usoni. Hapo ndipo pa kuegemea, mwanangu. Kuchagua kati ya jema na baya hakumsumbui mtazamaji, jibu analo tayari. Mpe Salma njia mbili zote zinazouma, umcheleweshe, na kila siku anayochelewa bei ipande. Tena usimfanye shetani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishaona zamani kwamba anayetugusa ni mtu wa kati, si mwema kupindukia wala si mwovu, anayeanguka kwa kosa lake.

Ile mvua inayoshuka ghafla na kufuta ushahidi, ifute. Bahati ikimtia mhusika matatani tunaikubali. Ikimtoa, tunajiona tumelaghaiwa.

Umetaja pia kwamba hujaamua iwe riwaya au filamu. Amua mapema. Kwenye kitabu unaweza kuingia ndani ya kichwa cha Salma ukakaa humo kurasa kumi, tukasikia anavyojidanganya. Kwenye skrini una uso wake na picha inayofuata, basi. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi enzi za filamu bubu, anakumbukwa kwa jaribio la kuunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha ya sahani ya supu, kisha jeneza. Watazamaji waliona njaa, wakaona majonzi, na uso haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo kwenye filamu usimwambie Salma atamke "najuta." Mwonyeshe akimtazama mtoto wa mlinzi, ukate. Watu watajaza wenyewe, na wakishajaza wamenaswa.

Mazungumzo yako mengi yana tatizo hilohilo: kila mtu anasema hasa anachokiwaza. Hata mimi na wewe hatuzungumzi hivyo! Lile onyesho la kaka mkubwa anayeuliza habari za funguo, kumbe anauliza habari za urithi, ni zuri mno. Usiliguse.

Anza na kiberiti, kisha uandike upya kurasa za mwanzo hadi mlinzi anapokamatwa. Nitumie hizo tu kwanza, mengine yasubiri. Na jina la mlinzi libadilishe, limefanana mno na la mjomba wako, atalalamika.

Mama yako